Bakuli Halirudi Tupu

Nianze na ukweli: sikuanza kwa wema.
Nilianza kwa wali.
Tangu Mize kuniacha, mwaka wa pili huu,
sijajua kupima mchele wa mtu mmoja.
Mkono umezoea vibaba vitatu,
sufuria lile lile, kifuniko kile kile,
na usiku ukiingia nusu inabaki
ikinitazama.

Kumwaga chakula ni dhambi, ndivyo nilivyofunzwa.
Ukoko nikawapa kuku. Wali wa juu
nikautia kwenye bakuli la maua ya buluu,
nikalifunika kawa,
nikamwita Shaame, mjukuu wa jirani:
"Mpelekee bibi yako. Mwambie umebaki."

Umebaki.
Ili yeye asiseme ni sadaka,
ili mie nisijione mtoaji.

Bakuli likarudi na ndimu tatu.
Kesho yake, mchaichai uliofungwa kwa ukili.
Kisha papai, nusu, nusu nyingine kala mtoto.
Hapa kwetu Limbani chombo hakirudi kitupu;
hakuna aliyeiandika sheria hiyo,
ila ivunje uone
utakavyopita mlangoni kwa mwenzio
ukizihesabu ndala zako.

Mwezi ule nikaanza kulala.
Mie, niliyekuwa nikisikiliza mabati
yakipoa mpaka adhana ya alfajiri!
Kliniki, yule muuguzi, Raya binti Faki,
akanifunga kitambaa cha presha,
akatazama, akafungua, akafunga tena.
"Babu, umebadilisha dawa?"
"Nimebadilisha bakuli," nikamwambia.
Hakucheka. Alikuwa na foleni.

Halafu, wiki ya mvua,
bakuli likarudi limeoshwa, limefutwa, linang'ara,
na ndani hamna kitu.
Jioni ya pili Shaame akasimama mbali kidogo:
"Bibi asema keshakula."
Nami jikoni kwake, tangu asubuhi,
sijaona moshi.

Nikakaa barazani na haya
isiyokuwa yake. Ilikuwa yangu.
Mie nilikuwa nikipata usingizi,
na yeye ndiye aliyekuwa akiulipia.
Kila bakuli lililotoka kwangu jepesi
lilimfikia zito kama gunia la karafuu mbichi,
na mndimu una mwisho wake.
Nikakumbuka matanga ya Mize:
sinia baada ya sinia,
nami nimejifungia chumbani
nisije nikasema ahsante mara ya arubaini.
Kupokea nako kuna mgongo wake.
Mbona nilisahau upesi hivyo?

Kesho yake sikupeleka kitu.
Nilikwenda mikono mitupu, nikapiga hodi,
nikasimama nje kama mkopaji:
"Bi Mkasi, nifunze kupima mchele
wa mtu mmoja."

Kimya.
Kisha huko ndani kikaanza kicheko,
kidogo, kama maji yanayotafuta njia ya mfereji,
kikaja mpaka mlangoni na mwenyewe nyuma yake:
"Umri wote huo! Karani wa mizani,
magunia ya kisiwa kizima yamepita mkononi mwako,
na kibaba kimoja kinakushinda?"
Akaingia, akatoka na kifuu kilichosuguliwa.
"Hiki. Kimoja. Sawa na ukingo,
usikijaze mpaka kiote kilima."
Alisimama wima namna sijamwona akisimama.

Kifuu nimekitundika jikoni.
Kila jioni nakichota mara mbili.
Yeye ajua; neno "umebaki"
hataki tena kulisikia.
Nami siku hizi mashati yangu yana vifungo vyote,
sikuomba, yalichukuliwa tu kambani.

Bakuli linakwenda, linakuja.
Mara lina kitu, mara lina maneno matupu.
Jana Shaame kayabeba njia nzima,
midomo imebana asiyamwage,
kafika, kavuta pumzi:
"Bibi asema chumvi, chumvi!
Wataka kutuua sote?"