Mwaka wa Nzige wa Pili

Fundi Adagala wa Kariokor hataki hadithi.
Ameshachonga SYOMBUA, herufi saba zimetulia jiweni,
kisha akaacha nafasi, upana wa kiganja.
Nambari nne, akasema. Ukizipata, nipigie.

Kitambulisho kinasema Januari mosi,
siku waliyozaliwa wote ambao karani hakuwa na muda nao.
Shangazi mwenyewe alikuwa na lake:
nzige walikula mpaka nyasi za paa,
na barabara haijafika mtoni.

Basi niko maktaba, ghorofa ya juu.
Begi limebaki mlangoni, kalamu ya wino pia;
hapa ni penseli tu.
Honi za mjini zinapanda ngazi na kuishia pazia.

Bi Kwamboka ananiletea magazeti yaliyojalidiwa,
kayabeba mikono miwili, kama mtoto aliyelala.
“Usianze na mtu,” ananinong’oneza. “Anza na mvua.
Mtu husahaulika. Mvua ilipimwa kila asubuhi.”

Nachora mstari, ukingo hadi ukingo wa karatasi.
Hapa njaa. Hapa kodi imepanda.
Hapa daraja: kitabu kimoja kinalifungua Machi,
kingine kinalifungua tena mwaka uliofuata,
utepe uleule, mkasi mwingine.

Na nzige walikuja mara mbili.
Hilo shangazi hakulisema.
Miaka kumi na mitano kati ya wingu na wingu,
na mtoto mmoja tu.

Nafika mwezi ninaoutaka: umekatwa.
Kwa wembe, polepole, pembe zimenyooka.
Simlaani aliyekata.
Pengine naye alikuwa na jiwe linamngoja.

“Hakuwa na ndugu?” anauliza Bi Kwamboka,
anafuta vumbi kwenye sketi.

Alikuwa naye. Muthiani,
aliyerudi kutoka vita vya Wazungu na buti za jeshi,
akamkuta dada asiyemjua anatambaa uani,
dada akaziogopa zile buti, akalia hadi jioni.
Kisa cha kuchekesha wageni.
Miaka yote nimekicheka, sikujua ni tarehe.

Nikalifuta wingu la kwanza.

Lakini la pili nalo lilikaa misimu mitatu,
na penseli haikukubali kutua.

Nikampigia fundi. Andika, nikamwambia:
mwaka wa nzige wa pili.
Akanyamaza, nikasikia patasi ya mtu mwingine nyuma yake.
Hizo ni herufi kumi na nane, akasema,
na mimi nalipwa kwa herufi.

Hesabu, nikamwambia.