Vilivyosahaulika Mifukoni

Saa kumi na moja alfajiri, Aberdeen.
Nguo za hospitali zinateremka kwa bomba la bati
zikiwa bado na joto la watu nisiowajua.
Kazi yangu ni kupekua mifuko kabla ya mashine.
Leo: kifungo cha koti la mtoto,
betri ya kifaa cha kusikilizia, ndogo kama punje ya mtama,
na kikaratasi: maziwa, mishumaa,
mwambie Ewan nimekubali.

Umekubali nini, mama?
Au ni baba? Mwandiko umelalia kushoto.
Basi, siku imekwisha haribika. Mikono inafua,
kichwani Ewan amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Watu huniuliza nilisomea wapi kutunga.
Ningetaja chuo, wangeridhika.
Ukweli ni shangazi yangu Mgeni,
mkata tiketi wa sinema pale Tanga,
aliyekatazwa kuingia ndani taa zikizimwa.
Filamu zote alizisikia kupitia ukuta.
Usiku alitusimulia: milio aliisikia,
nyuso alizitunga.
Nilipokua nikaenda kuitazama mojawapo kwa macho yangu,
nikatoka nimenuna.
Ya ukutani ilikuwa tamu zaidi.

Na matangazo ya vifo redioni, hayo pia yalinifunza:
marehemu, wanawe, shemeji wa Korogwe,
"na popote alipo Kibwana, arudi nyumbani."
Nusu dakika. Mpaka leo namtafuta Kibwana
katika kila ninachoandika.

Hapa msikilizaji wangu ni Senga, wa upande wa pasi
(Waganda wangecheka: kwao jina hilo ni shangazi).
Wakati wa chai namsimulia kwa Kiingereza cha kuungaunga,
naye hutoa amri:
"Yule mzee usimuue Alhamisi. Alhamisi sipo kazini."
Mzee akaishi kurasa tisa zaidi
kwa sababu ya ratiba ya zamu.

Usiku naandika Kiswahili nyuma ya stakabadhi za dobi.
Maneno mengine hugoma.
Ukungu wa kwetu hupita peku;
wa hapa hutoka baharini na viatu vyake,
ukaingia hadi jikoni, ukaketi.
Nauita nini? Nimeuacha bila jina. Umeketi tu.

Hadithi ilipokwisha Senga akasema:
"Nisomee kama ulivyoiandika."
Hutaelewa, nikamwambia.
"Mume wangu aliongea usingizini miaka thelathini. Soma."

Nikasoma, kati ya mashine mbili zilizonyamaza.
Ewan akaja, na kofia yake. Mishumaa ikawashwa.
Nikafika penye kilio,
pale nilipopapiga msasa wiki tatu,
Senga akacheka.

Si kwa dhihaka. Alifuta macho kwa pindo la shuka, akasema
sauti yangu hapo ilikuwa imevaa tai.

Nimefika nyumbani, koti sijavua.
Ukurasa ule nimeukata wote,
nimebakiza mlango, mvua, na neno moja, nimekubali.
Ewan amesimama tena.
Safari hii simwambii la kusema.
Nimeegemeza sikio ukutani.