Kitambaa cha Njano

Kansas, Aprili 1918.
Walikuja saa sita ya usiku na ndoo mbili za rangi.
Mbwa hakubweka. Aliwajua.
Nami nilimjua mmoja kwa kikohozi:
Walter Pruitt, jirani wa upande wa mtoni,
aliyetuazima msumeno wakati wa theluji
tukamrudishia umenolewa.

Kosa la baba lilikuwa karatasi.
Hakununua hati za vita. Alisema:
"Ngano yangu na aile yeyote, hata adui yenu;
ila senti yangu isigeuke risasi."
Aliyasema kwa Kiingereza chake cha kuchechemea,
na nyuma yake Kijerumani kilisikika,
na mwaka ule Kijerumani kilinuka baruti.

Wakaipaka milango ya ghala njano, rangi ya waoga.
Wakampaka baba ndevu, kofia, na shati jipya
alilolivaa ili asiwapokee wageni na nguo za kulalia.
Mimi, Anganetha, miaka tisa, dirishani,
niliona jambo ambalo halikusimuliwa kanisani:
uma mrefu wa nyasi ulikuwa mkononi mwake.
Ulikaa pale muda wa pumzi tatu.
Kisha akauegemeza ukutani, polepole,
kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Watu husema amani ni upole wa kuzaliwa nao.
Mimi niliiona mikono ikitetemeka.
Kwetu tunaoshana miguu, mara mbili kwa mwaka,
kwa kuwa Bwana alijifunga kitambaa kiunoni
akainama hata mbele ya yule wa vipande thelathini.
Baba hakuwa na hubiri zaidi ya hilo.
Nilimwuliza, "Na wakija tena?"
Akajikuna ndevu, ambazo mama alishazikata nusu.
"Wakija tena, nitaogopa tena."

Julai, simu ya maandishi ikaletwa kwa Pruitt:
mwanawe Lester amebaki katika udongo wa Ufaransa.
Ngano yake ikasimama kavu, ikaanza kupukutika.
Baba akafunga farasi wanne, hakumwomba mtu ruhusa.
Tukakata siku mbili.
Siku ya pili Pruitt akatoka, ndoo mkononi,
nami nikashtuka kwa ile ndoo,
kumbe ni maji ya kisima.
Kwenye kiatu chake cha kushoto, tone la njano.
Baba aliliona. Nilimwona akiliona.
Akanywa. Akasema, "Maji yako yana baridi nzuri."
Wakasimama hapo, wanaume wawili wasiojua kulia.

Mama hakuja shambani.
"Nitasamehe," alisema, "nikimaliza kulifua lile shati."
Alilifua kwa majivu, kwa mafuta ya taa, kwa hasira.
Rangi haikutoka.
Siku ya tatu akachukua mkasi,
akakata mgongo wa shati kipande cha mraba,
akafungia mkate wa moto,
akanituma kwa Pruitt. Hakuniambia niseme nini.

Nimetimiza themanini na bado sijui
kama ule ulikuwa msamaha
au lilikuwa neno lake la mwisho.
Najua mkate uliliwa.
Najua kitambaa kilirudi baada ya wiki,
kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa pembe kwa pembe,
na njano yake yote.
Mama akakitundika jikoni.
Akawa anafutia vikombe.