Sanduku la Kanga

Mimi ndiye mshika mlango wa kanisa letu, Mabatini,
lile la bati la buluu, limeng'ang'ania jabali
kama pimbi aliyesikia mbwa.
Huku kwetu jirani yako anaishi juu ya kichwa chako,
moshi wa jiko lake ndio ukungu wako wa asubuhi,
na ukitaka kwenda ibadani unashika mwamba kwa mikono miwili.
Hakuna anayefika bila kuhema.

Walinikabidhi sanduku la kanga.
Kumi na mbili,
za kuwafunika wanaokuja walivyo.
Jumamosi nazipiga pasi ya mkaa, nazikunja.
Kazi hii nikaiita upendo
wala hakuna aliyenibishia.

Akaja Milembe.
Jumapili ya pili ya masika, tope hadi kwenye vifundo,
sketi ya kazini, ya kule Kirumba, baa gani haina haja,
macho ya mtu aliyefunga hesabu saa kumi alfajiri.
Wiki iliyotangulia alikuwa ameongozwa sala,
amelia, tumepiga makofi,
tumesema mbinguni leo kuna shangwe.
Shangwe hiyo haikuteremka mawe pamoja naye.

"Karibu, dada," nikasema,
na mkono wangu ulikuwa tayari sandukuni.
Sikumtazama uso. Nilimtazama magoti.
Alijifunga. Akasema asante
kama mtu anayepokea risiti.

Akaenda benchi la tatu. Nyuma yake
mzee wa kanisa Mashimba, mama Nkwimba wa kwaya,
na wale wawili wanaojua nani alizaa na nani.
Tuliposimama kuimba wakamkazia macho kwa nyuma,
nami nikafuata macho yao, na hapo ndipo nilipoyaona
maandishi ambayo miaka sita nayapiga pasi
bila kuyasoma:

NYANI HAONI KUNDULE.

Wimbo ulikuwa na beti sita.
Beti sita walisimama pale wakisoma.
Mashimba alikohoa. Nkwimba akapotea sauti ya pili.
Mimi nilitaka kucheka,
kisha sikutaka tena,

kwa sababu nilikumbuka mafuta.
Mara ya kwanza kupanda hapa nilitoka Mwaloni,
nimekaanga mapanki usiku kucha,
harufu yangu imetangulia kuingia kanisani,
na tumboni mimba ya mwanamume
aliyehamia kisiwani bila kuaga.
Bibi Nshoma hakuniuliza kitu.
Alisogeza nyonga, akafuta benchi kwa kiganja:
"Mwangaluka, mwanangu. Kaa hapa, hapana upepo."
Basi.
Mahubiri ya siku ile nimeyasahau yote.
Joto la nyonga ile sijalisahau,
na mwenyewe yuko kaburini mwaka wa tisa.

Baada ya ibada Milembe alinirudishia kanga,
ameikunja vizuri kunishinda.
Akauliza, taratibu, bila hasira:
"Nije tena wiki ijayo,
au mpaka nikishanunua gauni?"

Nina miaka sita mlangoni. Najua aya nyingi.
Sikupata hata moja.
Nikamwambia, "Njoo. Nitakushikia nafasi."
Akanitazama kama ninavyotazama noti kubwa,
akiigeuza kwenye mwanga.

Sanduku lipo bado.
Kanga mbili tunawatandikia watoto wanaosinzia,
moja inafuta mabenchi bati likivuja,
moja alizalia mke wa mchungaji, usiku, gari lilipokwama.
Ile ya nyani najifunga mwenyewe.
Pembeni ya mlango nimeweka ndoo na kikombe,
maana mawe yetu ni makali
na kiu haiulizi mtu ametokea wapi.

Milembe huja. Jumapili nyingine haji.
Mashimba aliniuliza juzi kama nina hakika naye.
Nikamwambia shika kikombe hiki, mzee, unahema.

Na kila Jumapili, kengele kabla haijalia,
naenda benchi la tatu,
naifuta nafasi yake kwa kiganja.