Wima Saba

Benchi la hospitali ya Wete halina mgongo.
Gazeti ni la juzi, nusu yake ilishafungiwa bofulo,
mafuta yamekula habari za bei ya karafuu.
Kilichosalia ni chemshabongo.
Shaame kalala pajani pangu,
magoti yamevimba, yana moto kama kaango.

Wima saba. Herufi nne.
*Mzazi humpa mwana bila kumuuliza.*
Ya kwanza J, imetoka kwenye JAMVI.
Nikaandika JINA, kwa wino, wala sikusita.
Nani asiyejua? Siku ya akika
mkwe wangu alikuja na jina mdomoni,
Shaame, la marehemu baba yake,
akalitema kabla mbuzi hajalazwa.
Mtoto hakuulizwa.
Wala mie, niliyekuwa nikitaka Yunus.

Basi lilienea. Visanduku vinne, herufi nne.
Mpaka mlalo kumi na moja:
*Mji wa Pemba, kaskazini.*
Nilicheka peke yangu, mama wa benchi la pili akageuka.
Naulizwa mji niliokaa juu yake!
WETE. Lakini E yake imeangukia
palepale nilipoiweka I,
na I ya wino haitoki,
na mji hauhami.

J, E, kisha N.
Neno likanijia na vumbi la chaki:
mwalimu Salhina, kidato cha tatu,
akichora njegere ubaoni, za kijani, za njano,
nasi tunacheka kwa kuwa ni saa ya njaa.
Alisema kitu kinaweza kukaa kimya ndani ya mtu
mpaka kikutane na mwenziwe.
Nilinakili. Nilipata alama nzuri.

Makame ni mtoto wa mjomba.
Siku ya posa walisema, *damu imerudi nyumbani*,
wakapiga vigelegele.
Bibi yetu mmoja, Bi Raya wa Konde,
aliyezika watoto watatu wadogo,
na kila mmoja tukaambiwa: homa.
Alikigawa asichokijua
kama mtu akataye halua gizani,
kipande kwa mwanawe, kipande kwa bintiye,
na vipande vikakaa kimya, havina kiu, havina maumivu,
vikasubiri harusi yetu.

JENI.
Niliikoleza E juu ya I
mpaka karatasi ikatoboka.
Ukitazama karibu unaziona zote mbili.

Ndipo nikaona jinsi fumbo lilivyo:
kijisanduku kimoja, maneno mawili yanakidai,
hili linashuka, lile linapita,
nacho hakina pa kusogea.

"Shaame Makame!"
Nesi hakuinua macho.
Karatasi yake nayo ina visanduku.
Changu: A na S. Cha Makame: A na S.
Cha mtoto, herufi mbili tu,
zimeandikwa vizuri, hazina mfuto.
Akaeleza dawa, maji mengi, baridi asipigwe,
na kila mwezi tarehe kumi tuje.
Nikawa naitikia tu. Naam. Naam.

Shaame yuko darasa la kwanza, kila herufi anaifukuzia.
Akaweka kidole juu ya karatasi.
"Mama, hii S ni ya nini?"
"Ya Shaame."
Akafurahi. Akasogeza kidole.
"Na hii ya pili?"

Kalamu ilikuwa bado mkononi.
Niliitafuta mlalo,
niliitafuta wima.