Zamu ya Khaemba

Nilikuwa kiranja wa lango pale Chwele,
na jina la Khaemba nililiandika kila asubuhi
mpaka kalamu ikalizoea.
Mguu mmoja soksi, mwingine umande.

Sista Redempta hakumuuliza kitu.
Alitazama kola, akatazama kucha
zilizogandwa na uji wa mgonjwa,
kisha akamkabidhi kile chuma
cha kugongea rimu ya trekta:
"Kuanzia kesho, kengele ni yako."

Tulicheka. Fisi kapewa bucha.

Wiki mbili ililia kabla ya jogoo wa padri.
Jumanne ya tatu, kimya.
Saa mbili kasorobo. Saa mbili.
Mwalimu wa zamu akaokota jiwe aigonge;
Sista akamshika kiganja.
"Mwenyewe anakuja."

Tukasimama gwaride, mia tatu na ushei,
ukungu ukishuka kutoka Elgon,
bila sala, bila wimbo,
hata akachomoza katikati ya miwa, mbio,
kamasi na machozi kitu kimoja,
chuma kakipakata kama mtoto.

Akagonga.
Ndipo ikawa asubuhi.

Nami, daftari wazi,
sikujua niandike nani.