Nane, Baina ya Saba na Tisa

Soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake peke yao.
Mwanamume huishia kwenye maegesho,
injini ikinguruma, kiyoyozi kikivuma, akisubiri.
Nilikuwa na miaka minne, na nilikuwa na ofisi:
chini ya meza ya shangazi Zuwena,
baina ya marobota ya shela
na miguu yake yenye hina ya juzi.

Kazi yangu, chenji.
Bati la biskuti, baisa ndani yake:
za ishirini na tano huku, za hamsini kule,
za kumi, zenye rangi ya dele, pembeni.
"Nipe nusu riyali," sauti inashuka,
kisha kiganja kinaifuata, wazi, hakina haraka.
Nikitia kumi za hamsini, kinafumba.
Nikitia tisa, kinabaki wazi.
Hakunipiga, hakunisifu.
Kiganja tu.

Juu ya meza walipatana bei kwa Kiarabu.
Chini ya meza tulihesabu kwa Kiswahili,
lugha aliyoshuka nayo Muscat
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi,
akaileta Ibra, mji usio na mnazi hata mmoja.
Sita, saba na tisa zilikuwa za huku tangu zamani;
zilivuka, zikazaa Unguja,
zikarudi kinywani mwake, jina halikubadilika.
Nane ndiye mgeni.
Kakaa baina ya saba na tisa
kama bi harusi baina ya mawifi.

Darasa la kwanza, Abla Ghaniya akanisimamisha.
Nikahesabu Kiarabu safi
mpaka saba, halafu nikasema: nane.
Darasa likaangua kicheko; mmoja alianguka kitini.
Abla hakucheka.
Akapanga kalamu saba, akaongeza moja.
"Nikitoa tatu?"
Nikanyoosha vidole vyote vya mkono mmoja.
"Jina utajifunza kesho," akasema. "Kitu unacho."

Ghasani, binamu yangu, alikuwa mwepesi kuliko mimi.
Alijua kutengeneza baiskeli kabla ya kuimiliki.
Lakini yeye namba alikutana nazo ubaoni,
ana miaka saba, fimbo imesimama karibu,
wakaogopana siku hiyohiyo.
Mpaka leo hunitumia picha za mikataba ya mkopo:
"Nisomee, hii asilimia inanila au hainili?"
Inamla. Kesha tia saini.

Usiku wa jana, dirisha la famasia, hospitali.
Mtoto wa kilo sita na gramu mia nane, homa imepanda,
mama yake abaya kaivaa ndani nje.
Miligramu kumi na tano kwa kila kilo,
dawa ya maji, ishirini na nne kwa mililita.
Karatasi ya daktari inasema: arubaini na mbili na nusu.
Sijapiga hesabu bado. Mkono ulikataa kwanza,
chupa ikabaki hewani,
kama kiganja kile kilivyobaki wazi.
Ndipo nikahesabu: nne na robo.
Nukta ilikuwa imeteleza.
Nukta, kidogo kuliko mbegu ya ufuta.
Nikapiga simu juu. Daktari akanyamaza,
akasema "alhamdulillahi" mara mbili.

Sikumwambia mama yule chochote.
Nilimwonyesha mstari kwenye bomba la sindano:
hapa, usipite hapa.

Nimerudi alfajiri. Azani, mwanangu, kaamka,
kapanga viatu vya nyumba nzima ukumbini.
"Moja, mbili, tatu, tano," anagusa kila kimoja.
Nne kairuka, kama aliyeruka mfereji wa falaji.
Nina usingizi machoni, simu mkononi,
katuni zake ziko humo, na kimya changu kimo humo.
Nimeiweka juu ya friji.
Nimeketi sakafuni na sare yangu ya kazi,
nimetoa ndara moja ya baba yake, nimeificha mgongoni.
Nimefungua kiganja.

Anakitazama.
Anatazama viatu.